Mlio Tulioufunika kwa Redio



Kurasa hizi tumezizoea kwa habari za harusi na akika, za misiba, za nyakati za sala na za ndugu waliowasili karibuni. Mwezi huu tumeomba nafasi ndogo tueleze habari za breki za gari, jambo ambalo twajua baadhi ya wasomaji watalipitia kwa macho na kugeuza ukurasa. Twawaomba wasigeuze. Kisa chenyewe kilibakiza kidogo tu kiandikwe hapa na mtu mwengine, katika sehemu ya misiba.

Sisi ni watu wa nyumba moja: baba, mama na watoto watatu. Tulitoka Mombasa mwaka 2011 tukafikia Rexdale, na hadi leo tunakaa katika jengo la ghorofa kando ya Kipling Avenue. Gari letu la kwanza, Toyota Corolla ya mwaka 2006, tulilinunua mwaka 2014, baada ya baridi tatu za kusimama vituoni. Kazi zetu zilikuwa katika maghala yaliyouzunguka uwanja wa ndege wa Pearson, zamu ilianza saa kumi na moja alfajiri, na mwenye kutegemea mabasi mawili kufika huko hakuwa na budi kuondoka nyumbani usiku wa manane. Gari lile lilitubadilishia maisha. Tulilipenda, tukaliosha, tukalifukiza udi, wala hatukujua hata kidogo jinsi linavyosimama.

Jinsi linavyokwenda tulijua kiasi. Petroli tuliijua kwa kuwa hulipiwa kila wiki, na oili kwa kuwa fundi hubandika kijikaratasi kwenye kioo kukumbusha siku ya kuibadilisha. Breki hazina kijikaratasi.

Januari 2019 tulianza kusikia mlio. Ulikuwa mwembamba na mkali, mfano wa kisu kinachonolewa nyumba ya pili, nao ulisikika zaidi tulipokanyaga breki polepole. Tulisema ni baridi. Katika nchi hii kila kiendacho mrama mwezi wa Januari husingiziwa baridi, nasi tulikwisha kuwa wenyeji. Baada ya juma moja tuliongeza sauti ya redio, watoto wakafurahi, na safari zikaendelea.

Hatukujua ya kuwa mlio ule ulitengenezwa kwa makusudi. Katika pedi nyingi za breki hutiwa ulimi mdogo wa chuma chembamba. Pedi inapokuwa mpya, unene wake huwa milimita kumi au zaidi kidogo, na ulimi ule hukaa mbali haugusi kitu. Pedi ikisagika hadi kubakia milimita mbili tatu, ulimi huifikia sahani ya breki na kuikwaruza, ukalia. Aliyeubuni alitaka umkere dereva hata asiweze kuvumilia. Hakufikiri juu ya watu wenye redio.

Mwezi wa Februari mlio ulinyamaza, nasi tukamshukuru Mungu kwamba baridi imepungua. Mahali pake pakaja mkwaruzo mzito, wa chuma juu ya chuma, uliosikika hata miguuni. Jumapili moja mama alikuwa anawarudisha watoto kutoka madrasa, akitokea upande wa msikiti wa Rexdale Boulevard. Taa za njiapanda ya Kipling zikageuka kuwa nyekundu. Alikanyaga breki kama siku zote, gari likavuta upande wa kushoto, usukani ukamtetemeka mkononi, na lilipokubali kusimama lilikuwa limekwisha kuingia katikati ya kivuko cha waendao kwa miguu. Bibi mmoja wa makamo, anakokota kigari cha sokoni, alikuwa ndiyo kwanza ateremke kutoka kwenye ukingo. Alisimama akamtazama mama usoni. Hakusema neno, akazunguka nyuma ya gari akaenda zake. Mama alipofika nyumbani alikaa jikoni na koti lake mwilini kwa muda mrefu.

Kesho yake tulilipeleka gari kwenye gereji moja ambayo hatutaitaja jina. Tulipewa karatasi iliyochapwa vizuri: pedi na sahani mpya kwa magurudumu yote manne, kalipa mbili, na ufundi, jumla dola 1,480. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa siku tatu baadaye. Tuliishika karatasi ile kama mtu aliyepokea barua ya korti kwa lugha asiyoijua, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Hatukujua sahani ni kitu gani wala kalipa ni nini. Tulijua dola tu.

Jioni tulikwenda kwa mzee wetu mmoja, ambaye vijana wa hapa humwita Ami Fundi. Mzee huyu alifanya kazi ya umakanika Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuletwa huku na wanawe. Aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaomba tochi. Tulitoka naye kwenye baridi, akainama penye gurudumu la nyuma, akamulika kati ya matundu ya rimu.

“Wanangu,” alisema, “hawa watawauzia sahani za nyuma wazitie wapi? Gari hili nyuma lina dramu.”

Tulimwuliza kama tumetaka kuibiwa. Alikataa kuhukumu. Alisema huenda mwandishi wa karatasi hakuliona gari kabisa, ila alijaza maneno aliyozoea kujaza. Sisi tuna rai yetu juu ya jambo hilo, lakini tutaiacha. Lililotuuma zaidi ni kwamba kama si mzee yule, tungetia saini.

Hapo ndipo tulipomwomba atufundishe, naye alitufundisha mezani, akitumia vyombo vya chai. Tutajaribu kuyaeleza aliyotueleza kwa namna ileile.

Gari linapokwenda lina nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo haiwezi kupotea hivihivi. Hugeuzwa tu kuwa kitu kingine. Kazi yote ya breki ni kuigeuza kuwa joto. Gari kama letu, pamoja na watu waliomo, lina uzito wa kilo 1,500 hivi. Likisimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto litokalo latosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba, yaani birika zima la chai, nalo hutoka katika sekunde chache tu. Na mwendo ukiwa nusu, joto haliwi nusu bali robo. Kwa hiyo mwenye kutoka barabara kuu ya 401 akiwa mbioni, akangojea hadi mwisho wa njia ya kutokea ndipo akanyage, anachemsha birika lake lote mahali pamoja, na mwenye kuachia mapema kanyagio la mafuta hupata sehemu kubwa ya kazi ile kufanyiwa bure na upepo na injini.

Sasa joto hilo hutokea wapi? Nyuma ya kila gurudumu la mbele pana sahani ya chuma kizito, kile cha kusubu, inayozunguka pamoja na gurudumu. Sahani hiyo imepakatwa na kalipa, kitu mfano wa koleo, na ndani ya kalipa mna pedi mbili, moja upande huu wa sahani na moja upande wa pili. Dereva akikanyaga, koleo hubana, pedi huisugua sahani, na msuguano ndio uletao joto. Waliopanda baiskeli zetu za zamani, zile za vipande vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu, wamekwisha kuijua breki ya sahani. Tofauti ni kwamba hapa sahani imewekwa makusudi kwa kazi hiyo. Dramu ni namna nyingine. Ni kama sufuria iliyofunikwa, na breki shuu hutanuka ndani yake zikaisugua kwa ndani. Hufanya kazi vizuri, lakini joto hunaswa humo ndani, na sufuria ikishika moto hutanuka ikajitenga na shuu zake. Sahani iko wazi, hupigwa na upepo, na katika magari mengi sahani za mbele zina matundu katikati ili hewa ipite. Ndiyo maana hukaa mbele, kwa kuwa gari linaposimama uzito mwingi huelemea huko. Kila aliyepata kusimama ndani ya matatu inayofunga breki ghafla anakumbuka alianguka upande gani.

Mtu atauliza, mguu mmoja wa binadamu wawezaje kulishika gari zima? Ami Fundi alitutaka tufikiri juu ya mabomba mawili ya sindano, moja jembamba na moja nene, yaliyounganishwa kwa mpira na kujazwa maji. Ukilisukuma lile jembamba kwa nguvu ndogo, lile nene husukumika kwa nguvu kubwa, ingawa kwa mwendo mfupi. Hivyo ndivyo mafuta ya breki yafanyavyo. Kanyagio lenyewe ni wenzo, huongeza nguvu ya mguu mara kadhaa. Kisha hufuata kifaa kinachosaidiwa na mvuto wa injini. Halafu masta silinda husukuma mafuta katika paipu nyembamba hadi kwenye pistoni nene iliyomo ndani ya kalipa. Yote haya hutegemea sharti moja, nalo ni kwamba mafuta hayakubali kubanwa yakapungua ujazo. Hewa hukubali. Tone la hewa likiingia katika paipu, mguu hubana hewa badala ya kubana sahani, na kanyagio huwa laini kama godoro.

Habari za mafuta haya zafaa zielezwe zaidi, kwani ndipo tulipoona ujinga wetu ulivyokuwa mkubwa. Mafuta ya breki hunywa maji. Huyavuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, hata kama kopo limefungwa ndani ya gari. Yale ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakishanywa maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. Breki zikipata moto kupita hapo mafuta hutokota, mvuke hutokea, na mvuke ni kama ile hewa: mguu huzama hadi sakafuni. Wanaoujua mteremko wa Mazeras kuingia Mombasa, au ule wa Kitonga upande wa Iringa, wamepata kunusa harufu ya malori yanayoteremka huku breki zimeshikwa mfululizo, na wanajua kwa nini madereva wazee huingiza gia ndogo kileleni kabla ya kuanza kushuka. Tuliwahi kumwona dereva mmoja huko nyumbani, aliyeishiwa mafuta ya breki njiani, akitia maji ya sabuni, nasi abiria tukamsifu kwa ubunifu. Sasa tukikumbuka mwili hutusisimka. Maji huchemka kwa nyuzi 100.

Wengine hutia oili ya injini wakidhani mafuta ni mafuta. Oili huvimbisha mipira yote ya ndani na kuiharibu, na gharama yake huishinda ile karatasi yetu ya dola 1,480. Tena, mwenye kuona mafuta ya breki yamepungua katika kikopo chake asiharakishe kuongeza akadhani amemaliza kazi. Pedi zinapopungua unene, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta hulifuata nafasi lake. Kupungua kule ama ni uvujaji, ama ni pedi zinaaga.

Alipofika kwenye pedi, Ami Fundi alinyamaza kidogo. Breki ya sahani si jambo jipya. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902, lakini hakukuwa na kitu kizuri cha kutia katikati ya chuma na chuma, na breki yake ililia mno. Ilingoja miaka hamsini, hadi mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za sahani liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ndipo ulimwengu ukaiamini. Kilichosaidia wakati huo kuvumilia joto lile, katika pedi na katika shuu za dramu, kilikuwa asbestosi. Mzee alituambia ya kuwa katika ujana wake, dramu ikifunguliwa, fundi alipuliza vumbi kwa mdomo, au kwa upepo wa mashine, na vijana wa kujifunza kazi walisimama katikati ya wingu lile wakicheka. Hakuna aliyewaambia kwamba nyuzi zake zikiingia pafuni hazitoki, na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kanada hii tunayoishi ilikuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa asbestosi duniani, na mji mmoja wa Quebec ulijiita kwa jina hilohilo. Marufuku ya nchi nzima ilianza mwisho wa mwaka 2018, na mwaka 2020 wakazi wa mji ule walipiga kura wakachagua jina jipya, Val-des-Sources. Mzee aliyataja majina mawili matatu ya wenzake wa gereji, akawarehemu. Hatukuuliza zaidi. Pedi za leo ni mchanganyiko wa vitu vingine, lakini vumbi lake halipulizwi vilevile. Hulowanishwa na kufutwa.

Jumamosi iliyofuata, mwanzoni mwa Machi, tulikutana nyumbani kwake. Mwenye jengo letu haruhusu matengenezo katika maegesho, naye mzee anakaa kwa mwanawe, kwenye nyumba yenye njia ya gari inayoteremka hadi barabarani. Pedi nne za mbele na sahani mbili tulizinunua dukani kwa dola 170. Tulilegeza nati kabla gurudumu halijanyanyuka, tukapiga jeki, tukaweka stendi za chuma, kwani alituapia kwamba hatamfundisha mtu alazaye mwili wake chini ya jeki tupu.

Gurudumu la kulia lilipotoka tuliona tuliyoyafanya. Pedi ya nje ilikuwa bado na nusu ya unene wake. Ya ndani haikuwa na kitu, imebaki bamba la chuma tupu, na sahani ilikuwa imechimbwa mifereji mithili ya sahani ya santuri. Sababu yake ni chumvi. Kalipa ya gari hili huteleza juu ya misumari miwili ili ibane pande zote mbili sawasawa. Chumvi inayomwagwa katika barabara za Toronto majira yote ya baridi ilikuwa imeingia, msumari mmoja ukashika kutu, kalipa ikagoma kuteleza, na pedi ya ndani ikabeba mzigo peke yake. Sisi ni watu wa pwani. Tulizaliwa penye upepo wa chumvi unaokula mabati na bawaba za milango, lakini haikutupitia akilini kwamba chumvi imetufuata huku, tena barabarani. Kwa hiyo anayemulika tochi kati ya matundu ya rimu akaona pedi ya nje ni nene, asilale akatulia. Amulike na ya ndani, au amwombe fundi aitazame.

Kalipa zenyewe zilikuwa nzima. Tulisafisha misumari, tukaipaka grisi yake maalumu, tukairudisha pistoni ndani polepole kwa jiriwa ili pedi mpya zipate nafasi, tukazifunga. Kazi ilichukua saa nne kwa kuwa tulikuwa wanafunzi. Mama wa nyumba ile alikwisha kutuita mara mbili kwa chai na mahamri. Tulikuwa tunacheka. Baba aliingia kwenye gari alirudishe nyuma hadi barabarani, na mtoto wetu wa pili, wa miaka tisa wakati ule, alisimama nyuma, chini kwenye njia, akimwongoza kwa mkono kama alivyoona watu wazima wakifanya.

Gari lilianza kuteremka. Baba alikanyaga breki na mguu ukaenda hadi sakafuni, hakuna kitu. Akakanyaga tena, hakuna kitu.

Tulisikia sauti ya Ami Fundi ambayo hatujapata kuisikia tena tangu siku ile: “Ya mkono! Vuta ya mkono!” Baba alivuta. Magurudumu ya nyuma yalifunga, gari likaburuta kidogo, likasimama limekaa upande, bapa la nyuma limejikita katika lundo la theluji. Mtoto alikuwa juu ya lundo hilo, upande wa pili, amerukia huko bila ya kuambiwa na mtu. Kofia yake ilibaki chini, mbele ya tairi.

Hakuna aliyesema kitu. Mama ndiye aliyekwenda akaiokota kofia.

Sababu, kwa wanaotaka kuijua, ni nyepesi mno. Pistoni zilipokuwa zimerudishwa ndani, palikuwa na nafasi tupu kati yake na pedi. Kabla gari halijasogezwa ni lazima kanyagio lipigwe mara kadhaa, polepole, hadi liwe gumu, ili mafuta yazisukume pistoni zikutane na pedi zake. Ule mguu wa kwanza na wa pili wa baba ulikuwa unajaza nafasi ile tu. Na breki ya mkono ilitii kwa kuwa haihusiani na mafuta. Ni waya unaovuta shuu ndani ya zile dramu za nyuma, ambazo karatasi ya gereji ilikuwa haina habari kwamba zipo. Ami Fundi alikaa juu ya kindoo chake cha spana, akasema kosa ni lake, kwamba Mombasa hakuwahi kumkabidhi mtu gari kabla ya kulipiga kanyagio yeye mwenyewe, na kwamba ilimpitia kwa sababu ya mazungumzo ya chai. Tulimwambia kosa ni letu sote. Hakukubali, na hadi leo hakubali.

Tumeeleza haya bila ya kuficha kwa sababu tunajua wapo ndugu wanaotaka kujifanyia wenyewe ili kuokoa fedha. Tulipoanza kuandika, rai yetu ilikuwa kwamba kila mtu afanye mwenyewe. Tulipofika kwenye kofia ile tumeibadilisha. Mwenye kuongozwa na mjuzi na afanye, mwengine aende gereji, lakini aende akijua anachokiuliza. Sheria ya Ontario ya kuwalinda wanunuzi inamtaka mwenye gereji akupe makadirio kwa maandishi kabla ya kazi, ila uyakatae mwenyewe na kutaja kiwango cha juu utakacholipa. Malipo ya mwisho hayaruhusiwi kuzidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Vipuri vilivyotolewa una haki ya kurejeshewa uvione. Na kazi pamoja na vipuri vipya vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, litangulialo. Katika malezi yetu kumhoji fundi kazini huonekana utovu wa adabu. Hapa ni sheria, na fundi mwema haoni vibaya. Tumempata mmoja karibu na Albion Road ambaye hututolea pedi kuukuu na kuziweka mezani kabla hatujamwomba.

Kwa majira ya baridi tutasema machache. Sahani zikiamka na kutu ya rangi ya machungwa baada ya usiku wa theluji, hiyo si hatari, hufutika kwa breki mbili tatu za mwanzo. Magari ya sasa yana ABS, yaani kifaa cha kuzuia magurudumu yasifunge. Kikianza kazi kanyagio hutetema chini ya mguu, na wengi wetu huogopa wakaachia. Usiachie, endelea kukanyaga. Lakini breki hulisimamisha gurudumu tu, na kinacholisimamisha gari ni tairi kushika barabara. Juu ya barafu, pedi mpya na pedi kuukuu ni ndugu.

Corolla ile tuliiuza mwaka 2022. Gari tulilo nalo sasa ni haibridi, kama ya ndugu zetu wengi wa teksi, na mota yake hulipunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, hata pedi hukaa miaka bila ya kusagika. Tulidhani tumepumzika. Kumbe pedi isiyotumika nayo hunaswa na kutu mahali pake, na chumvi haibagui. Kila Novemba na kila Aprili tunafungua tukatazama.

Sahani moja ya zamani, ile ya mifereji, tumeiweka barazani. Mama huweka chetezo juu yake anapofukiza udi, kwani haiogopi moto.

Ami Fundi ametuomba tutangaze kuwa kuanzia Mei, theluji ikishaondoka, atakuwa nje nyumbani kwa mwanawe kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Hatatengeneza gari la mtu, umri umekwenda, ila atatazama pedi na kumwambia mwenye gari aulize nini huko gereji. Akina mama wanaoendesha wanakaribishwa kwanza. Kila mtu aje na tochi yake.